Huduma ya kujenga msingi wa matangi ya maji kwenye mteremko, Lushoto

Tulimpa mkandarasi mmoja kazi ya kujenga msingi wa matangi mawili ya plastiki, kila moja la lita 10,000, kwenye kiwanja chetu chenye mteremko mkali. Zege lake lilikuwa safi na nondo zilipangwa vizuri. Kasoro kubwa ilikuwa chini ya zege: alichimba upande wa juu, akamwaga udongo huohuo upande wa chini kwa mkupuo mmoja, badala ya kuushindilia kwa tabaka za takriban sentimita 20. Hivyo nusu ya msingi ilikaa kwenye ardhi ngumu na nusu kwenye kifusi, ilhali matangi yakijaa hubeba tani 20 za maji. Baada ya masika upande wa chini ulititia, matangi yakainama na bomba la kutolea maji likapasuka kwenye kiungo. Msingi wote ukititia kwa usawa, madhara huwa madogo. Kutitia upande mmoja ndiko kunakoharibu.

Namshukuru kwa kurudi bila kubishana. Aliondoa kifusi, akashusha msingi hadi ardhi ngumu kwa vidato kama vya ngazi, akajenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitishia maji, kisha akajaza matangi kidogo kidogo huku akipima usawa wa pembe zote nne. Hata hivyo, mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu bado hajauchimba, nami sitamlipa salio kabla haujakamilika.