Riwaya Zenye Utata: Ipi Ununue Kwanza, na Kurasa za Kukagua Kabla Hujalipa

Tangu nilipoandika kuhusu marehemu Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya wa Tanzania, malalamiko yanayonifikia yanafanana. Msomaji mmoja alinunua riwaya yake ya Nagona, akaisoma mpaka mwisho, kisha akaniandikia kwa hasira kwamba hadithi inarukaruka na mwandishi hajui anakokwenda. Nikamwomba anipigie picha za kurasa za katikati. Baada ya ukurasa wa 24 ulifuata wa 29. Dada wa watu alikuwa ameuziwa fotokopi iliyobandikwa jalada la rangi, na lawama zote akamtwisha marehemu.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia Kiswahili chepesi wala kigumu, wala unene wa kitabu. Anayetafuta riwaya ya kumkosesha usingizi anajua anachotaka. Ninalotaka uliangalie ni kama kitabu ulichoshika ni kizima. Riwaya ya mapenzi ikipungukiwa kurasa nne utashtuka, maana mtu aliyekuwa Tanga ghafla yuko Mwanza. Riwaya ya fikra haikushtui. Unadhani pengo ni falsafa, unajiona hujaelewa, unaiweka rafuni na kuwaambia wenzako ni ngumu.

Basi ukishika nakala, pitia namba za kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, zote. Fungua katikati kabisa uone kama maneno ya ukingo wa ndani yamemezwa na gundi. Tafuta ukurasa wa hakimiliki wenye jina la mchapishaji na mwaka wa toleo; fotokopi nyingi huuacha, au huwa umefifia kiasi cha kutosomeka. Na soma jalada vizuri, kwa sababu kuna miongozo ya mitihani inayouzwa na jina la riwaya limeandikwa kwa herufi kubwa na neno "mwongozo" kwa herufi za sisimizi. Mtu anafika nyumbani na maswali na majibu ya hadithi ambayo hajaisoma.

Ya kwanza kununua, kwangu mimi, ni Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na miaka ikapita mpaka ikaja kufundishwa humo humo. Wengi husema ilizuiwa kwa sababu ya ngono. Mimi naamini kilichouma zaidi ni Zakaria, baba mlevi wa kule Ukerewe anayempiga binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, huku nyumba yake mwenyewe ikimshinda. Kitabu kinauliza ni nani aliyemharibu Rosa, na kidole kinawageukia wazazi wale wale ambao wangependa mabinti zao wasikisome. Nimewaona watu wazima wakikibishania mpaka chai ikapoa. Kagua sana kurasa za mwisho: ndizo huchomoka mapema kwenye gundi mbaya, na ubishi mkubwa wa kitabu hiki uko huko.

Ya pili ni Haini ya Adam Shafi, iliyotoka 2003. Inaingia ndani ya magereza ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini wakati ule. Ukitaka kitabu ambacho ndugu wawili wa Unguja wanaweza kukisoma wakaishia kununiana, ni hiki. Hakikulazimishi uchague chama. Kinakuweka chumba kimoja na mtu anayeteswa ili ataje majina, kisha kinakuacha na swali kwamba wewe ungetaja la nani. Katika riwaya ya namna hiyo ukurasa mmoja wa mahojiano ukikosekana, hujui tena nani kasema nini.

Ya tatu ni Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi pia, na hapa sifichi upendeleo wangu. Nikiona nembo ya wachapishaji Mkuki na Nyota kwenye uti wa kitabu moyo wangu hutulia. Karatasi yao haionyeshi maandishi ya upande wa pili, ukingo wa ndani una nafasi, herufi hazichoshi macho. Nyumba hiyo ilianzishwa na Walter Bgoya, ambaye kabla ya hapo aliongoza Tanzania Publishing House, iliyotoa riwaya za awali za Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Hadithi ni ya Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anayekimbia ndoa hiyo na kuangukia mapenzi ya Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya ukoloni. Rangi, dini, siasa na ndoa vyote vimefungwa fundo moja, na kila msomaji hulifungulia upande wake.

Nagona ya mwaka 1990 naiweka ya nne, si kwa udogo wa thamani. Ni nyembamba, kurasa zake hazifiki mia, na wahakiki wamebishana kama kweli iitwe riwaya. Kwa sababu ya ufupi huo kila ukurasa umebeba mzigo mkubwa, na hakuna kitabu cha Kiswahili kinachoumizwa na fotokopi kuliko hiki. Kama huna nakala unayoiamini, subiri uipate.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni chaguo salama kwa anayeanza. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake kwa jina la heshima, na yatokanayo na kufungiwa huko yanatisha. Inapatikana kwa urahisi.

Vya bei nafuu? Mtumba wa barabarani ni sawa kama umekagua kurasa. Faili za PDF za kwenye simu siziweki kwenye orodha.

Najua kwa nini watu wanakimbilia fotokopi. Kitabu kinachochapwa Dar kikivuka mpaka kwenda Nairobi, bei yake inapanda mno, na Kenya tangu 2013 imeviwekea vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kana kwamba kusoma ni anasa. Hilo linanikera. Lakini linalonikera zaidi ni muuzaji anayejua nakala yake ina pengo na bado anatoza karibu na bei ya kitabu halisi. Mwandishi hapati hata senti, na msomaji anapewa robo tatu ya hadithi.

Siku hizi wengine wanazifunga nakala hizo kwa nailoni zionekane mpya. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako kabla hujatoa pesa, na uchukue risiti iliyoandikwa jina la kitabu na mchapishaji. Akikataa kufungua, mrudishie kitabu chake uende duka jingine.