Kanvasi ya Seurat kutoka duka la mabango mjini: nzuri, ila waambie wasikunje ukingo

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniulizia. Nakala ya mchoro wa Seurat kwenye kanvasi ya sentimita 120 kwa 81, imewambwa kwenye fremu ya mbao, shilingi 95,000. Kwenye fleksi ya mabango utalipa chini ya nusu ya hapo, lakini fleksi inang'aa; ukiwasha taa ya kibandani kwangu utaiona taa, picha huioni. Jina la duka silitaji. Ni mojawapo ya yale ya kuchapa mabango na stika katikati ya jiji la Mwanza. Mimi mwenyewe ni mchora mabango wa Kirumba, naandika majina ya mitumbwi, saluni na migahawa ya sato, kwa hiyo kwenye mambo ya rangi simwogopi mtu.

Picha yenyewe ni ile ya Mfaransa Georges Seurat, Jumapili alasiri katika kisiwa cha La Grande Jatte, aliyoichora kati ya 1884 na 1886. Kisiwa kipo ndani ya mto Seine, pembeni mwa Paris, na watu wamevuka kwenda kupunga upepo kama tunavyovuka sisi kwenda kisiwa cha Saanane. Kuna akina mama na miavuli, askari wawili, mwanamke anavua samaki kwa fimbo, mbwa, na upande wa kulia mwanamke kamshika kima kwa kamba. Karibu wote, waliosimama na waliokaa, wamekakamaa kama wanapigwa picha ya pasipoti. Mimi napenda ukavu huo. Mama watoto haupendi, anasema hakuna hata mmoja anayezungumza na mwenzake.

Ufundi wake ndio ulionifanya nitoe hela. Seurat alipaka tabaka la kwanza kwa brashi ya kawaida, maji kwa mistari ya kulala, kisha akarudi juu yake na vinukta vya rangi, kimoja kimoja, kwenye kitambaa chenye upana wa zaidi ya mita tatu na kimo cha zaidi ya mita mbili. Alikuwa amesoma kazi za Chevreul, mkemia aliyesimamia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walikuwa wakilalamika kuwa nyuzi nyeusi za kiwanda zimepauka. Chevreul akagundua rangi iliyotiwa kwenye nyuzi haina kosa, tatizo ni rangi iliyo jirani yake. Akalitolea kitabu mwaka 1839. Mchora mabango yeyote analijua hilo kwa mikono: nyekundu ukiiweka juu ya kijani inacheza machoni, nyekundu ya kopo lile lile ukiiweka juu ya kahawia inalala.

Hapa nawapinga wanaosema Seurat aliweka njano na bluu kando kwa kando, jicho likapika kijani. Jaribu uone. Utapata kijivu chenye ukijani wa mbali. Nyasi zake zina kijani kabisa chini, kimechanganywa kabla ya kufika kwenye kitambaa. Juu yake ndipo kapanda njano na chungwa penye jua, bluu penye kivuli. Kazi ya nukta ni kuitikisa rangi iliyokwisha kuwepo. Ukiwa mbali nyasi zinawaka. Ukisogea ni kama dagaa walioanikwa pale soko la Mwaloni, kila mmoja na mwili wake.

Sasa huduma. Dada wa kaunta ana adabu na haraka haraka. Picha aliyoitafuta mwenyewe kwenye simu ilikuwa ndogo na ya njano kama imepigwa chini ya taa, nikamwambia aiache. Mchoro huu uko Art Institute of Chicago, Marekani, na jumba hilo linaruhusu mtu yeyote kuipakua picha yake bure kutoka kwenye tovuti. Nikampa hiyo. Akaitazama, akaguna: "Fundi, imefifia. Tuiongezee rangi kidogo?"

Nikamwambia, "Dada, iache ilivyo."

Imefifia kweli, ila si kosa la faili. Seurat alitumia njano ya zinki, rangi mpya ya wakati wake, nayo ikamgeuka. Ile njano kali ikawa ya udongo, vinukta vya kijani vikawa kama majani makavu, vya chungwa vikaelekea kahawia, na yote yalianza ndani ya miaka michache tu. Mafundi wa bodi za magari mnaifahamu jamii hiyo ya rangi, ndiyo iliyokuwa kwenye zile praima za njano za kuzuia kutu. Kwenye chuma ni mkombozi. Kwenye nyasi za Seurat imekuwa hasara ya kudumu, na ukibonyeza kitufe cha kuongeza rangi unachapa picha ambayo haipo popote.

Kazi ya kwanza niliikataa. Kijana wa mashine aliiwamba kanvasi kwa kukunja kingo zake nyuma ya fremu, kama wafanyavyo kwa picha za harusi. Kumbe ukingo wa mchoro huu ni sehemu ya kazi. Miaka kadhaa baada ya kuumaliza, Seurat aliulegeza mchoro kwenye fremu, akauwamba upya, akauzungushia mpaka wa vinukta vyekundu, vya chungwa na bluu. Kwenye nakala yangu mpaka wote ulikuwa umekwenda ubavuni. Walibisha, kisha wakarudia kwa nusu bei, safari hii wakiacha sentimita tano za kitambaa cheupe cha kukunjia. Ukienda, sema hilo kabla hawajawasha mashine.

Ubora wa chapa ni mzuri. Kivuli cha mbele hakijawa tope, na ule mwanga mwembamba aliouacha kuzunguka watu waliochorwa kwa rangi za giza unaonekana vizuri. Lakini nilipoweka lenzi, kila nukta ya Seurat ilipasuka ikawa chembechembe za samawati, majenta, njano na nyeusi, wino nne za mashine. Halafu kuna ukubwa. Ukutani kwake, mchoro halisi ungemeza nakala zaidi ya sita kama yangu. Vinukta vimesinyaa hadi chini ya nusu ya upana wake, kwa hiyo ukirudi hatua mbili tu nyuma vinakwisha kuungana. Kwa kibanda kidogo ni faida. Kwa mtu anayetaka kuona mkono wa fundi, picha nzima haimfai.

Kwa hiyo nikarudi kuagiza kipande. Nilikuza kwenye tovuti sehemu ya kima na pindo la gauni, nikapiga hesabu ili kitoke kwa ukubwa wake halisi, wakachapa kwenye kanvasi ya A2 kwa shilingi 30,000. Hiki ndicho ningewashauri mnunue. Zambarau ya gauni unaiona ikijengwa, bluu huku, waridi huku, na chungwa imerushwa mahali ambapo mimi nisingethubutu. Unene wa rangi haupo, bila shaka, wino umelala bapa.

Mwenye mtumbwi mmoja alikitazama kibandani kwangu hadi chai yake ikapoa, akaniuliza kama jina la mtumbwi wake naweza kuliandika kwa nukta. Nimemtajia bei mara tatu ya kawaida. Bado anafikiria.