Uzoefu wangu: kujifunza kupaka rangi kwa kunakili nyumba za Braque

Kozi niliyosoma ni ya video, na kazi yake ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: kunakili mandhari ya nyumba za L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, aliyoichora mchoraji Mfaransa Georges Braque mwaka 1908. Sikuwa nimeshika brashi tangu utotoni. Ilinichukua wiki sita, na sasa nasema bila kusita kwamba anayeanza atafaidika na picha hii kuliko na maua au bakuli la matunda.

Tazama ilivyo. Haina mbingu wala upeo. Nyumba hazina milango wala madirisha, na upande wa kushoto kuna mti uliopita kimshazari. Rangi ni chache: manjano ya udongo, kijani, kijivu. Huhangaiki na jani mojamoja. Kinachobaki ni kujiuliza, kila unapochovya brashi, kama upande huu una mwanga zaidi ya ule unaopakana nao.

Picha halisi ina takriban sentimita 73 kwa 60. Mimi nilitumia kanvasi ya nusu ya vipimo hivyo na rangi za akriliki, nikachora miraba kwa penseli kwanza ili kila paa likae mahali pake.

Somo lililonifaa kuliko yote ni la pili, ambamo mwalimu anakuzuia kabisa kugusa rangi. Unachanganya nyeupe na nyeusi upate vijivu vitano, kisha unapaka picha nzima kwa hivyo tu. Hapo ndipo nilipoona kwamba mwanga wa Braque hautoki upande mmoja. Paa moja lina kivuli upande huu, jirani yake upande ule. Nilikuwa nimeshaanza kumsahihisha, vivuli vyote nikivipanga kama jua linavyovipanga, na nyumba zangu zikalala kama maboksi yaliyokunjuliwa. Nilipovirudisha alivyoviweka yeye, zikainuka. Nilifurahi mno siku ile.

Kisha kuna kingo. Nilidhani kubizimu, mtindo wa Braque wa kuvunja vitu kuwa maumbo ya kijiometri, ni mistari mikali na pembe zilizofungwa. Kumbe Braque anaacha baadhi ya kingo wazi, rangi ya ukuta inavuka na kuingia kwenye paa la pili au kwenye majani, mpaka hujui kipi kiko mbele. Njia hii ni ya mchoraji Paul Cézanne, ambaye naye alipaka rangi L'Estaque miaka mingi kabla. Kwa akriliki lazima uwahi, maana hukauka upesi. Nilikuwa nainyunyizia maji kidogo kila mara.

Historia inaelezwa kwa kifupi, na inatosha. Majaji wa Salon d'Automne, maonyesho ya sanaa ya kila mwaka jijini Paris, walizikataa picha za Braque za L'Estaque, mfanyabiashara wa sanaa Kahnweiler akazionyesha kwenye ukumbi wake mwaka huohuo, na mhakiki Louis Vauxcelles akalalamika kwamba kila kitu kimegeuzwa michemraba. Jina kubizimu lina asili yake katika lalamiko kama hilo.

Somo la kijani limenisikitisha. Mwalimu anakimbia. Kijani cha kwenye tyubu ni kikali mno kwa picha hii, na hasemi kwamba tone la nyekundu hukituliza. Niligundua baada ya kuharibu kona nzima. Hasemi pia kuwa akriliki ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo sehemu ya chini nimeirudia karibu yote. Na nakala ya picha wanayokupa imezidi umanjano. Tumia ile ya jumba la makumbusho ya sanaa la Kunstmuseum Bern, Uswisi, inakohifadhiwa picha yenyewe.

Pamoja na hayo, ningeilipia kozi hii tena kwa ajili ya somo la pili peke yake. Ukiichukua, andaa kanvasi mbili, moja ya vijivu na moja ya rangi, uziweke ubavu kwa ubavu unapofanya kazi. Mimi mti wa kushoto bado sijaridhika nao baada ya kuupaka mara tatu. Nitaurudia kwa vijivu kwanza.