Onsen kwa mara ya kwanza: bafu la umma au la kukodi?

Swali hili humjia kila anayepanga safari ya Japani na kutaka kuoga kwenye onsen, yaani bafu la maji ya chemchemi ya moto. Kwa bei, bafu la umma halina mpinzani. Takegawara, bafu la umma katika mji wa Beppu, kwenye jengo la mbao la mwaka 1938, kiingilio chake ni yeni mia chache tu. Bafu la kukodi, kashikiri, mara nyingi ni yeni elfu kadhaa kwa dakika 45 hivi, ingawa mkiwa familia mnagawana.

Kwenye kuona haya ndipo penye mzozo. La umma unaingia uchi kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao. Nguo za kuogelea haziruhusiwi. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia majini. Kitaulo kidogo kinabaki kichwani, hakichovywi. Ukikosea, wazee watakutazama, basi. Kusema kweli, hakuna anayeukodolea macho uchi wako. Kila mtu ana joto lake la kuhangaika nalo, maana maji hufika nyuzi 42.

Kwenye kashikiri unaingia na mwenzi wako au watoto, ila kujisugua na kujisuuza kwanza kuko palepale. Mwenye tatuu pia hupumua, kwani mabafu mengi ya umma humkataa. Si yote: mji wa onsen wa Kinosaki, mabafu yake ya umma yanampokea.

Peke yako na mfuko mwepesi? Nenda la umma. Umesafiri na mama mkwe? Kodi, na uwahi kuweka nafasi.