Meza ya chakula ya mbao tupu Nyanda za Juu Kusini: uagize mbao gani?

Ukishika njia ya Iringa kwenda Mbeya, kuanzia Mafinga hadi Makambako mbao zimepangwa kando ya barabara. Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko mashamba yote ya serikali, liko hapo Mufindi. Kwa hiyo mtu wa huku hana haja ya kuagiza Dar meza ya MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) iliyobandikwa karatasi ya rangi ya mti, ambayo ikimwagikiwa chai mara mbili tatu inavimba pembeni. Mbao ipo na fundi yupo mtaani. Swali la kwanza ni kama mbao hiyo imekauka. "Mninga au paini?" linakuja baada ya hapo, kwa sababu mninga mbichi utakupa meza mbaya kuliko paini kavu, na utakuwa umelipa mara kadhaa zaidi.

Mbao ikikauka hupungua upana. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 90, ukiunganishwa Machi mvua zikiwa hazijakatika, na mbao zenyewe zikiwa na maji, kufika Septemba unaweza kuwa umepungua sentimita nzima. Sentimita hiyo lazima itokee mahali. Ama maungio yataachia mwanya wa kupitisha kisu, ama ubao utapasuka katikati. Kiangazi chetu ni kirefu, na Juni na Julai wapo wanaoingiza jiko la mkaa sebuleni kuota moto (jambo linaloua watu kabla halijaharibu meza, msilifanye).

Samani ya ndani inataka mbao yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi. Karakana nyingi za mtaani hazina kipimo, lakini mizani ya dukani inatosha. Omba kipande kilichobaki cha ubao uleule, kipime, kiweke juu ya kabati la jikoni wiki mbili, kisha kipime tena. Kipande cha gramu 500 kikirudi na 490, endelea. Kikirudi na 450, mwambie fundi mbao zipangwe kivulini, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, mpaka uzito utulie. Fundi anayeijua kazi yake hatanuna. Anayekwambia "itakaukia nyumbani" tafuta mwingine.

Sasa mbao zenyewe, kwa mpangilio ninaoupendelea.

1. Mninga. Kama mfuko unaruhusu, usihangaike. Mwingi unaofika Mbeya hutoka upande wa Chunya, Katavi na Tabora. Ukishakauka hautanuki wala kupungua sana, randa inaupita vizuri, kiini chake hakiliwi ovyo na wadudu, na rangi yake ya kahawia yenye dhahabu haihitaji kuongezewa kitu. Angalia mambo mawili. Kwanza, sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo: si kiini, bungua wanaipenda, na fundi mjanja huigeuza ikatazama chini kisha anapaka rangi. Lala chini ya meza uangalie. Pili, mbao hafifu iliyopakwa rangi ikaitwa mninga. Hapo kwangua kidogo sehemu ya chini isiyoonekana. Rangi ikiishia juujuu na ndani pakawa peupe, umeshapata jibu. Mninga ni mti wa msitu wa asili na uvunaji wake una kibali, hivyo ukinunua mbao mwenyewe dai risiti na nyaraka za TFS, wakala wa serikali wa misitu.

2. Paini iliyokomaa. Kwa kaya nyingi za huku, pesa yangu ningeiweka hapa. Paini inadharauliwa kwa sababu wengi wameiona ikiwa changa. Mwenye shamba akibanwa na ada za shule anakata mti kabla ya wakati wake, na mbao ya mti mchanga hujipinda hata uifanyeje. Tazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata. Miduara ikiwa imeachana sana, mti ulikua haraka na ni mchanga. Ukiona kitovu cha mti katikati ya ubao, acha huo ubao. Chagua wenye miduara iliyobanana na macho machache, na uso wa meza uagize mbao za inchi mbili. Zikipita kwenye mashine ya randa zitabaki na unene wa kutosha. Paini ni laini, uma wa mtoto utaacha alama, hilo likubali mapema.

Onyo moja kubwa: usikubali kabisa mbao za dawa, zile zenye ukijani zinazouzwa kwa ajili ya kenchi. Dawa hiyo ina shaba, na aina inayotumika sana ina kromiamu na aseniki pia. Ni ya paa, si ya mahali unapowekea chapati. Vipande vyake navyo visiingie jikoni kuwa kuni.

3. Mtiki. Ni mbao nzuri, imetulia, ina mafuta yake ya asili. Upande wetu jirani yupo Kilombero, kwenye mashamba makubwa ya mtiki. Nimeuweka wa tatu kwa sababu si kila karakana ya Mwanjelwa pale Mbeya au Ipogolo pale Iringa inaujua, na mafuta hayohayo huifanya gundi isishike kama fundi hakufuta maungio kwa thina kwanza.

4. Mkongo. Mgumu, mzito, wa kudumu. Mimi ningeufanyia mlango. Meza yake hata kuifagilia chini unaita watu waje kuisogeza.

5. Saiprasi. Inanukia vizuri na ni nyepesi. Inafaa miguu na fremu pale unapotaka kuokoa pesa, mninga ubaki kwenye uso tu.

6. Mlingoti (mkaratusi). Nguzo, sawa. Meza, hapana. Unapasuka na kujinyonga wakati wa kukauka, na meza ndiyo inayoonyesha kila kosa.

Mvule sikuuweka, ukiupata halali na mkavu, uhesabu pamoja na mninga.

Vipimo havina siri. Kila mlaji apate sentimita 60 za ukingo, kimo cha meza kiwe sentimita 75 hivi, na kati ya kiti na uso wa meza zibaki kama 28 au 30. Meza ya futi sita kwa tatu inakaa watu sita bila kubanana viwiko. Acha karibu sentimita 90 kati ya meza na ukuta, la sivyo mgeni wa mwisho atapita kwa ubavu.

Kinachosahaulika ni namna uso unavyofungwa kwenye fremu. Fundi akipigilia misumari au kukaza skrubu kila upande bila nafasi, hata mbao kavu itapasuka, maana msimu wa mvua itatanuka kidogo na kiangazi itarudi. Mwambie matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kidogo, yakifuata upana wa meza, ili uso uweze kusogea. Miguu iunganishwe kwa ulimi na tundu pamoja na gundi, si misumari peke yake. Vanishi ipakwe juu na chini. Upande mmoja ukiachwa mtupu unanyonya unyevu peke yake na meza inajikunja. Uliza pia ni vanishi gani: ile nyepesi inayokauka upesi inang'aa sana siku ya kwanza, lakini sufuria ya moto huiachia duara jeupe. Omba ya poliyurethani.

Kuhusu malipo, kianzio kiishie kwenye gharama ya mbao, na mbao uzione kabla hazijakatwa. Weka saini yako kwa kalamu ya wino mzito kwenye kichwa cha kila ubao. Salio la mwisho litoke meza ikiwa imesimama ndani kwako, umeisukuma kona na haikutikisika. Na kabla ya kuagiza, pima mlango. Uso wa futi tatu na miguu iliyogandishwa haupiti kirahisi kwenye mlango wa sentimita 80 wenye geti la chuma. Mwambie fundi miguu ifungwe kwa bolti na nati.