Frame.io kwa mhariri wa matangazo: nzuri kwa kurekebisha, si kwa kuamua

Kazi yangu ni kuhariri matangazo ya video. Toleo ninalolimaliza hupandishwa kwanza Frame.io, programu ya mtandaoni ya kutazamia video na kuzitolea maoni, ndipo mteja alione, na mvutano huanzia hapo. Wengi wanaoisifu programu hii husifu kasi yake, na kasi ipo kweli. Mimi naipima kwa jambo jingine: inasaidia nini pale mwandishi na mwongozaji wanapolivuta tangazo huku, na meneja wa masoko na wakubwa zake wanalivuta kule?

Kwa asiyeijua, ilianzishwa mwaka 2014 na Emery Wells na John Traver, na kampuni ya Adobe ikainunua mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.275. Unapandisha video, unatuma kiungo, mteja anaifungua kwenye kivinjari, anasimamisha pale pasipomridhisha na kuandika. Anachoandika kinabaki kimeshikamana na fremu ile ile, yaani ile picha moja kati ya nyingi zinazounda video. Akitaka, anachora juu ya picha: anauzungushia duara mkono wa mwigizaji, anapiga mshale kuelekea nembo.

Faida zake ni kubwa, na mtu aliyeanza kazi hii majuzi hawezi kujua tulikotoka. Maoni yalikuwa yanakuja kwa barua pepe, kwa simu, kwa ujumbe wa usiku: "Pale katikati pachangamshwe kidogo." Katikati ipi? Tangazo la sekunde 30 kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde lina fremu 750. Mhariri alikuwa anamaliza asubuhi akikisia, halafu mchana anaambiwa si hapo. Sasa maoni yanaonekana pembeni ya kazi yangu ndani ya Premiere Pro, programu ninayohariria. Nabonyeza moja, napelekwa palepale, narekebisha, natia tiki. Toleo jipya linawekwa juu ya la zamani, na mteja anaweza kuyatazama yote mawili kwa pamoja, bega kwa bega, yakienda sawia.

Ila kinachonifanya niitetee zaidi ni kumbukumbu. Kila neno lina jina la aliyeliandika na wakati alioliandika. Kwenye kazi moja, meneja wa masoko aliandika kwamba nembo iongezwe ukubwa. Baadaye mkubwa wake akaandika, kwenye fremu hiyo hiyo, kwamba nembo inameza picha, ipunguzwe. Kwa utaratibu wa zamani mhariri ndiye angebeba lawama, maana maagizo ya mdomo hayana shahidi. Safari hii niliwaelekeza wote wawili kwenye fremu ile, maoni yao yakiwa yamekaa moja chini ya jingine, na wakamalizana wenyewe. Mbunifu mara nyingi hushindwa na ofisi kwa sababu maneno ya ofisi hubadilika bila mtu kuulizwa. Hapa hayabadiliki kimyakimya.

Sasa tatizo, nalo linatokana na nguvu hiyo hiyo. Kisanduku cha maoni kinamwalika mtu asimamishe video. Mtazamaji wa kawaida hasimamishi tangazo. Linampita akiwa anafanya mambo mengine, na ama limemgusa ama halikumgusa. Lakini ofisa aliyetumiwa kiungo chenye kisanduku tupu anahisi ana deni. Akikaa kimya ataonekana hakufanya kazi. Basi anasimamisha sekunde ya 4, anaandika. Anasimamisha ya 9, anaandika. Akifika mwisho ameshahukumu fremu kumi na mbili, na tangazo lenyewe hajaliona hata mara moja. Kinachouawa kwa utaratibu huo ni kile ambacho thamani yake haikai kwenye fremu moja: ukimya, kusubiri, uso usiosema neno, mdundo wa jumla.

Fikirieni lile tangazo la sokwe la Cadbury Dairy Milk la mwaka 2007, lililobuniwa na kuongozwa na Juan Cabral wa wakala wa matangazo Fallon, London. Sekunde 90. Sokwe amekaa, wimbo wa Phil Collins unapigwa, kamera inamkaribia taratibu, na kwa sehemu kubwa ya tangazo hakuna kinachotokea ila pumzi na macho. Kisha anaanza kupiga ngoma. Chokoleti yenyewe unaiona mwishoni kabisa. Inajulikana kwamba wakubwa wa Cadbury walisita kwa muda mrefu kabla ya kuliruhusu, na kwamba Phil Rumbol, mkuu wa masoko, ndiye aliyelipigania ndani ya kampuni. Mwaka 2008 lilipata tuzo ya juu ya kundi la filamu kwenye tamasha la matangazo la Cannes. Sasa liweke tangazo hilo kwenye ukurasa wenye kisanduku cha maoni na uwatumie maofisa wanane kiungo. Sekunde ya 10: bidhaa iko wapi? Sekunde ya 25: pafupishwe. Sekunde ya 40: sokwe ana uhusiano gani na maziwa? Kila swali, ukilitazama peke yake, lina mantiki. Ukiyatii yote, hakuna tangazo.

Nimeliona hilo kwa udogo wake. Nilihariri tangazo la benki ambamo mama anapokea simu, anasikiliza, na kwa sekunde mbili hasemi kitu kabla hajatabasamu. Mwongozaji alizipigania sekunde zile tangu siku ya kupiga picha. Ofisa mmoja wa upande wa biashara akaandika juu yake: "Hapa hakuna kinachotokea, toeni." Sikumjibu kwa maandishi. Niliomba kikao, nikalicheza tangazo lote kwenye skrini kubwa bila kusimama, kisha nikalirudia sekunde zile zikiwa zimetolewa. Ofisa yule ndiye aliyesema kwanza kwamba lile la kwanza ndilo. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuwa ameliandika popote: jina la benki linasikika kwa kuchelewa mno, mtu atamkumbuka mama na asikumbuke nani alilipia. Alikuwa na haki. Tulisogeza sauti ya msimulizi mbele, na tangazo likawa bora kuliko sisi wabunifu tulivyolipanga. Hoja yake ya kweli ilikuwa imefichwa nyuma ya agizo dogo la kukata, kwa sababu programu ilimuuliza kuhusu fremu, haikumuuliza ana wasiwasi gani.

Ndiyo maana namkumbuka Bill Bernbach, mbunifu wa matangazo wa Marekani, kila ninapotuma kiungo. Kabla ya wakala wake, Doyle Dane Bernbach, ulioanzishwa mwaka 1949, ilikuwa kawaida mwandishi kumaliza maneno yake na kuyapeleka kwa mchoraji ayatafutie picha. Yeye akawakalisha chumba kimoja, wakabuni pamoja, na mtindo huo ukaenea kwenye mawakala duniani. Programu za maoni zinaturudisha tulikotoka: kila mtu mezani kwake, anaandika, anatuma, anaondoka.

Wala sisemi kikao kinatibu kila kitu. Bodi ya Apple ililitazama lote lile tangazo la kompyuta ya Macintosh, lililoongozwa na Ridley Scott, na bado wajumbe wengi hawakulipenda. Chiat/Day, wakala wao, wakaambiwa wauze muda wa hewani uliokuwa umenunuliwa. Waliuza nafasi ya sekunde 30, ya sekunde 60 ikabaki, na tangazo likarushwa wakati wa Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, tarehe 22 Januari 1984. Lakini angalau wajumbe wale walijua wanachokikataa. Ulikuwa ubishi mmoja, juu ya tangazo zima, na mtu anaweza kuushinda au kushindwa kwa hoja. Vijiubishi thelathini vya fremu fremu havina mshindi.

Nilichogundua ni kwamba Frame.io yenyewe ina mipangilio ya kulipunguza tatizo hili, ila wengi hawaigusi. Kiungo cha toleo la kwanza nakituma maoni yakiwa yamezimwa. Wanaangalia tu, kisha tunazungumza. Maoni nayafungua kuanzia toleo la pili, wakati wazo limeshakubaliwa na kilichobaki ni rangi, sauti, maandishi na tahajia ya jina la bidhaa. Kwa kazi hiyo sijatumia chombo kinachoishinda. Pia kuna maoni ya ndani, yanayoonekana na timu pekee. Hapo mwongozaji na mimi tunabishana kwa uhuru bila mteja kuingia katikati. Na upakuaji naufunga, maana toleo bichi likishazunguka ofisini kwenye simu za watu, litahukumiwa na wasiohusika.

Jambo ambalo mipangilio haiwezi kulitatua ni la nani ana neno la mwisho. Hilo tunaliandika kabla ya kupandisha chochote: mtu mmoja upande wa mteja, mmoja upande wetu. Wengine waandike wanachotaka, lakini mimi narekebisha kile ambacho mmoja wa hao wawili amekikubali.

Kama watengenezaji wake wanasoma, ninaomba kitu kimoja. Pale mtu anapofungua kiungo kwa mara ya kwanza, kisanduku cha maoni kibaki kimefungwa mpaka video imekwenda mpaka mwisho bila kusimamishwa, na kikifunguka, swali la kwanza liwe juu ya tangazo zima: umehisi nini? Baada ya hapo na asimamishe fremu anayoitaka.