Seti ya visu vya ruta kwa milango ya paneli, baada ya milango 14

Nina karakana ndogo Keko, Dar es Salaam, na miaka yote milango ya paneli nimeichonga kwa msumeno wa meza na randa. Inatoka vizuri, ila mlango mmoja unakula nusu siku. Mama mmoja wa Tabata aliponipa kazi ya makabati ya jikoni, milango 14 ya mninga, nikaona nikishika randa nitazeekea jikoni kwake. Nikaingia Kariakoo, nikanunua seti ya visu 3 vya ruta, ile mashine inayozungusha kisu kuchonga mbao, kwa shilingi 185,000: kimoja cha mfereji na urembo wa fremu, kimoja cha kukata vichwa vya mbao za kulala ili viingie kwenye huo mfereji, na kile kikubwa cha kuinulia paneli, yaani kuupunguza kingo ule ubao wa katikati ili uingie kwenye mfereji. Shina, sehemu inayobanwa na ruta, ni nusu inchi. Jina la kiwanda sikuliona popote.

Kisu kikubwa kina kipenyo cha milimita 83. Nilimuuliza muuzaji spidi yake, akasema, "Fundi, hicho kinakwenda na mashine yoyote." Uongo huo unakata vidole. Ruta yangu ina spidi moja tu, mizunguko 22,000 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya kisu kipana hivyo ingekuwa inakimbia kilomita 340 kwa saa na zaidi. Kisu cha namna hii kisivuke 12,000, na kifungwe chini ya meza. Ruta ya kushika mkononi usithubutu. Nikaazima kwa jirani ruta ya Makita RP2301FC, ambayo inashuka hadi 9,000, nikaiweka kwenye 10,000 hivi.

Makali nayasifu bila kinyongo. Kila paneli niliipitisha mara 4, nikikipandisha kisu kidogo kidogo, na mara ya mwisho nusu milimita tu. Naanza na vichwa vya mbao, ndipo nafuata urefu wa nyuzi, ili pembe ikinyofoka, pito linalofuata liifute. Msasa nilioutumia ni mmoja tu, namba 180.

Kasoro sasa. Kisu cha vichwa kilinitolea ulimi mnene, ile ncha inayoingia kwenye mfereji, ukawa unaingia kwa nyundo. Nilidhani nimepigwa. Kumbe katikati ya vile vipande viwili vya kukatia kuna washa, vipete vyembamba kama karatasi. Nikatoa moja, vile vipande vikasogeleana, ulimi ukaingia kwa kusukuma na kidole gumba. Karatasi ya maelekezo haikuwemo, kwa hiyo nililijua hilo baada ya kuharibu mbao 3 za mninga, na bei ya mninga mnaijua.

Halafu kwenye mlango wa 9 beringi, ile pete ya kwenye kisu inayozunguka ikifuata ukingo wa mbao, ikakwama na kuunguza mbao mstari mzima. Nikaichomoa, nikapima: milimita 22 nje, 8 ndani. Ni beringi 608, ile ya kawaida kabisa. Nilipofunga mpya haikusumbua tena.

Kisu cha paneli pia hakina kile kikato kidogo cha nyuma, cha kupunguza mgongo wa paneli. Ilibidi paneli nizipunguze unene hadi milimita 16, la sivyo zingetokeza mbele ya fremu ya milimita 20. Gundi niliweka kwenye maungio ya fremu tu. Paneli niliikata pungufu ya milimita 3 kwa upana na kuiacha ielee ndani ya mfereji. Mninga hautembei sana, yaani hautanuki na kusinyaa sana. Lakini ukitumia paini ya Sao Hill na ukagundisha paneli, masika ya kwanza tu fremu itaachia.

Milango yote 14 ilikwisha kwa siku 4, pamoja na kusubiri gundi. Kwa bei ile ningenunua tena, nikiwa na beringi 2 za akiba mfukoni. Ruta ya spidi ya kubadilisha ndiyo bado sina, na jirani ameanza kunisalimia mara tatu kwa siku.